Mswada wa wasusi jimboni kwetu: niende nikaseme au nikae kimya?

Mama Riziki ameandika:

Habari zenu ndugu. Mimi nasuka nyumbani, hapa Marekani. Jimbo silitaji, mkisoma mpaka mwisho mtaelewa kwa nini.

Kusuka nilianza nikiwa na miaka tisa, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kibarazani kwa mama mmoja wa Uvira aliyetukalisha na wadogo zetu ili tujifunzie vichwani mwao. Tulianza na twende kilioni, tukaja mabutu, rasta mwisho kabisa. Ukivuta mtoto akalia, unafumuliwa kazi yote na kuanza upya. Ndiyo shule niliyosoma.

Huku nina wateja kumi na wanne wa kudumu, wengi wao watoto wa shule. Kichwa cha mtoto dola 60, rasta ndogondogo za mtu mzima 180, nywele aje nazo mwenyewe. Hizo ndizo zinazolipa umeme na kumfikia mama yangu Kasulu kila mwisho wa mwezi.

Sheria ya jimbo inasema anayeshika kichwa cha mtu kwa malipo lazima awe na leseni ya urembo, saa 1,500 chuoni. Nilikwenda kuulizia. Ada inapita dola elfu kumi na tano. Nikamuuliza binti wa mapokezi: kusuka mnafundisha siku ngapi? Akaangalia kompyuta, akaangalia na dari, akasema labda asubuhi moja. Zilizobaki ni kukata, kupaka rangi, kuweka dawa, kukunja nywele za kizungu kwa rola.

Sasa kuna mswada bungeni kwetu. Anayesuka, kusokota au kuunga nywele bila kemikali hatahitaji leseni hiyo. Atajiandikisha, asome kijitabu cha usafi, ajibu maswali yake, basi. Kamati inasikiliza wananchi baada ya wiki mbili.

Mteja wangu mmoja, muuguzi, ananisukuma niende. Wifi yangu anasema nisithubutu. Yeye anayo leseni. Alisoma usiku miaka miwili, mchana akikata nyama kiwandani, na mkopo wa chuo analipa hadi leo. Ana saluni ya viti vitatu. Anasema mswada ukipita kila mwenye kitana atafungua duka, na yeye deni lake nani atamfutia? Jumapili iliyopita tulikula ugali vyumba tofauti.

Kwa hiyo nauliza. Kwenye majimbo yenu sheria kama hii ilipopita, mambo yalikuwaje? Na nikisimama mbele ya kamati nikasema nasuka bila leseni, si nimejishtaki mwenyewe?

---

Nyakio wa Houston:

Pole dadangu, na karibu kwenye vita vya zamani.

Hapa Texas mwaka 1997 polisi walimkamata Isis Brantley ndani ya saluni yake Dallas. Kosa: kusuka bila leseni ya urembo. Miaka kumi baadaye serikali ikalegeza, ikaweka cheti cha saa 35 kwa wasusi. Tukadhani yamekwisha. Kumbe mama alipotaka kufundisha wengine, akaambiwa lazima shule yake iwe chuo cha kinyozi: futi za mraba 2,000, viti kumi vya kulaza wateja, na masinki. Masinki ya nini na sisi hatuoshi nywele? Jaji wa mahakama ya shirikisho akakataa masharti hayo Januari 2015, na mwaka huohuo bunge likaifuta leseni ya kusuka kabisa.

Kilichofuata, nitakwambia nilichokiona kwa macho yangu. Wasusi waliongezeka, ndiyo. Bei ya mistari ya kawaida ilishuka kidogo barabara yetu. Lakini wale wenye mikono mizuri hawakukosa mtu, na wengi waliokuwa wanasukia jikoni walitoka wakakodi viti. Wakakodi kwa nani? Kwa wenye saluni kama wifi yako. Mweleze hilo.

Onyo moja: kuondolewa leseni ya jimbo si kuondolewa kila kitu. Jiji lina kanuni zake za biashara za nyumbani, mwenye nyumba ana mkataba wake, na kodi ya mapato haina habari na mswada wenu. Mimi alinitoa mwenye nyumba, si mkaguzi. Alihesabu magari ya wateja.

---

Leseni Ukutani:

Mtanisamehe, mimi niko upande wa wifi.

Nina miaka kumi na sita kwenye kiti. Naletewa vichwa vilivyoharibiwa majumbani. Mtoto wa miaka saba ana mapunye, kasukwa juu yake, kitana kilekile kikaenda kwa dada zake watatu. Binti wa miaka ishirini hana nywele za mbele kwa sababu ya kuvutwa. Mwingine ana alama ya maji ya moto mgongoni, wakati wa kuchovya ncha za rasta. Hayo si maneno ya wivu. Mtu akilipa pesa kushikwa kichwa ana haki ya kujua aliyemshika amefundishwa.

Na tusidanganyane kwamba ni suala la Waafrika na serikali tu. Aliyelipia chuo pia ni Mwafrika, pia ni mkimbizi.

Ila niseme la haki. Chuoni nilipewa sanamu ya kichwa yenye nywele laini za kahawia, nikawa naikata na kuipaka rangi miezi tisa. Mapunye tulisoma ukurasa mmoja. Kusuka nilikuwa namfundisha mwalimu. Kwa hiyo nikiulizwa saa 1,500 zilinisaidia nini katika kusuka, sina jibu zuri. Ninachotaka ni mafunzo ya usafi yawe ya lazima kweli, si kijitabu cha kuweka sahihi.

---

Bahati, Boise:

Dada Mama Riziki, hapa Idaho sheria ilikuwa inaomba saa 1,600. Mke wangu anasuka, kwa hiyo hii habari tuliifuata kama mechi. Mwaka 2022 wanawake watatu wenye asili ya Afrika, mmoja anaitwa Tedy Okech, walifungua kesi kudai haki yao ya kusuka. Bunge halikusubiri mahakama, mwaka huohuo likawatoa wasusi kwenye sheria ile.

Usione kwamba mahakamani msusi anashinda kila mara. Utah mahakama ilimkubalia msusi mwaka 2012, kesi ya Jestina Clayton wa Sierra Leone. Yeye walitaka asome saa 2,000, jaji akaona masomo hayo karibu yote hayahusiani na kusuka. Lakini Missouri mambo yaligeuka. Ndioba Niang, mama wa Senegal, yeye na mwenzake walishindwa kwenye mahakama ya rufaa Januari 2018. Miezi michache baadaye bunge la Missouri lenyewe likapitisha sheria ya kujiandikisha na mafunzo ya saa 4 hadi 6. Mahakama ilikataa, wabunge wakatoa. Kwa hiyo hiyo kamati yenu msiichukulie kama mkutano wa chai.

@Leseni Ukutani, hofu yako ya usafi ina majibu. Mississippi tangu 2005 msusi analipa dola 25 za kujiandikisha na kufanya jaribio la usafi, baada ya Melony Armstrong wa Tupelo kuhangaika na wabunge. Mafunzo ya mapunye, kitana na maji ya moto yanaingia siku moja. Hayahitaji miezi tisa na sanamu.

Kuhusu kujishtaki: usiende wewe kwanza. Apeleke maneno mteja wako muuguzi. Aseme, "Mimi ninafanya kazi hospitali, usafi naujua, na kichwa cha binti yangu nampa huyu mama." Wabunge wanamsikiliza muuguzi. Halafu wewe ukitaka kusema, ongea na wakili kabla, hasa kama makaratasi yako ya uraia bado yanaendelea. Majimbo mengine kufanya kazi bila leseni ni faini, mengine ni kosa la jinai dogo. Hiyo tofauti ni kubwa kwa mtu asiye raia.

---

Nyakio wa Houston:

Bahati amesema. Niongeze: soma ufafanuzi wa neno "kusuka" ndani ya mswada, neno kwa neno. Je, kuunga nywele bandia kumo? Kushona wigi kumo? Kuchoma ncha? Kuna mahali wasusi walishangilia, baadaye wakaambiwa wigi la kushona halimo. Na angalia tarehe ya kuanza kutumika. Gavana akitia sahihi leo, usitundike bango kesho.

---

Mama Riziki:

Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili, mengine nikamsomea mume wangu kwa sauti.

Mswada nimeuangalia na mtoto wangu wa kidato, maana Kiingereza cha sheria ni lugha nyingine. Kuunga nywele kumo. Kushona wigi hakumo wala hakukatazwa, neno lenyewe halipo. Maji ya moto hayakutajwa popote, na hapo @Leseni Ukutani umenigusa, kwa sababu mimi nachovya. Nina taulo nene, birika naliweka chini, mtoto simchovyi kabisa, kwake natumia vifundo. Lakini hiyo ni akili yangu, hakuna aliyenilazimisha.

Muuguzi amekubali kusema. Nimepiga simu ofisi ya mbunge wetu, wakanijibu kila mtu ana dakika mbili, na anayeogopa kusimama anaweza kupeleka barua bila kueleza kazi anayofanya. Wakili wa bure wa shirika la wakimbizi nitamwona Alhamisi.

Jana nilikwenda saluni kwa wifi. Nilimpelekea ile hoja ya kukodi viti. Akanyamaza, akaendelea kufagia nywele. Kisha akauliza kiti cha tatu, kile cha dirishani ambacho hakina mtu tangu Krismasi, ningekilipia kiasi gani kwa wiki. Nikasema 75. Akasema 120. Hatujaelewana.

---

Leseni Ukutani:

Dirishani 100, na ajumuishe taulo. Mwambie nimesema mimi.

Na wewe andika barua kuhusu maji ya moto. Waombe wayaingize kwenye yale maswali ya usafi. Ukifanya hivyo nami nitaiandikia kamati yenu, ingawa jimbo si langu.

---

Mama Riziki:

Barua nimeanza. Wifi amesema atanipeleka siku ya kamati kwa gari lake, langu breki mbovu. Ila na yeye amejiandikisha kusema, upande wa kupinga. Ni mtu wa nane kwenye orodha, muuguzi wangu wa tisa.