Miezi 14 natibiwa bega kwingine na meno kwingine, hakuna hata mmoja aliyenipima sukari!

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Nina miaka 49, kazi yangu ni ususi, nina saluni ndogo hapa Temeke. Tangu Februari mwaka jana nimeingia zahanati moja, hospitali mbili na kliniki moja ya meno, kote nalipa taslimu kwa sababu sina bima. Ninaumwa bega la kushoto na meno ya chini. Mwezi huu ndiyo nimejua kwamba vyote viwili vilikuwa na mzizi mmoja, kisukari, na kipimo chake ni tone la damu la kwenye kidole. Duka la dawa la mtaani kwetu wanakipima kwa shilingi 3,000.

Bega lilianza kwa maumivu ya usiku. Nikigeukia upande ule nashtuka kutoka usingizini. Nikasema ni kazi, maana kichwa kimoja cha rasta ndogo ni saa sita mikono iko juu. Ilipofika Mei, mkono wenyewe ukagoma. Sidiria nafungwa na binti yangu. Kuvaa gauni, nafungwa zipu na binti yangu. Kwenye daladala siwezi kushika bomba la juu, nikikosa siti naning'inia kwa mkono mmoja huku naomba Mungu dereva asifunge breki. Kwa msusi, mkono usiopita usawa wa kifua ni njaa. Nimemchukua msichana anisukie, kila kichwa tunagawana nusu kwa nusu, na kodi ya fremu ni ile ile.

Zahanati daktari hakunishika bega. Aliniuliza kazi yangu, nikasema msusi, akaandika. "Mama, punguza kazi," na dawa ya maumivu, diklofenaki. Tangu siku hiyo neno "msusi" ndilo likawa jibu la kila niliyemfuata. Hospitali ya kwanza nikapigwa eksirei, nikaambiwa mfupa ni mzima, nirudi nyumbani. Hakuna aliyeniambia kwamba bega lililoganda, ndiyo ugonjwa wangu wenyewe, mara nyingi eksirei yake hutoka safi, kwa kuwa tatizo haliko kwenye mfupa. Liko kwenye ule mfuko laini unaozunguka kiungo: unavimba, unakuwa mnene, unakaza, na mkono unafungwa humo ndani. Kuutambua hakuhitaji mashine. Daktari anakunja kiwiko chako ubavuni, anauzungusha mkono kwenda nje taratibu. Ukigoma hata pale anapouzungusha yeye, anajua ameshika nini. Miezi yote hiyo hakuna aliyenifanyia jambo hilo la nusu dakika!

Meno sasa. Fizi zilianza kutoa damu nikipiga mswaki, kisha zikavimba, kisha mdomo ukawa na harufu ambayo mimi mwenyewe niliisikia. Unamsuka mtu, uso wako uko karibu na uso wake, unaziba mdomo usiongee naye. Niliona aibu kiasi cha kuacha kusalimia wateja kwa sauti. Julai gego la chini likafanya jipu, shavu likajaa hadi jicho likawa dogo. Shoga zangu wakanipa karafuu. Karafuu inatia ganzi kweli, lakini usaha unabaki pale pale. Nikaenda kliniki ya meno, gego likang'olewa, nikapewa amoksilini na metronidazoli za kuua vijidudu, na ibuprofeni ya maumivu. Septemba likafuata la pili. Hilo la pili kidonda chake hakikufunga mpaka wiki ya sita. Nilirudi mara mbili kuonyesha, nikaambiwa nisukutue kwa maji ya chumvi.

Jamani, mwanamke wa karibu miaka 50, fizi zinaoza, meno mengine yanacheza, kidonda cha jino wiki sita hakijafunga. Kuna alama gani nyingine ilikuwa inasubiriwa?

Na hapa ndipo walipotaka kuniua. Diklofenaki ya bega nilikuwa nayo bado. Ibuprofeni ya jino nikaongezewa. Aliyenipa ya pili hakuniuliza natumia dawa gani nyingine, na mimi nilijua nini? Niliona hii ya bega, hii ya jino. Kumbe zote ni ukoo mmoja, hazitakiwi kumezwa pamoja, zinachubua tumbo na kuumiza figo, na kwa mtu mwenye kisukari hizo figo tayari ziko hatarini. Nilimeza zote mbili karibu wiki tatu, na mara nyingi kwenye tumbo tupu kwa sababu sikuweza kutafuna. Siku moja choo kikatoka cheusi kama lami, kichwa kikawa chepesi, nikadondoka mlangoni kwa saluni mbele ya mteja aliyekuwa nusu ya kusukwa. Ilikuwa ni damu kutoka tumboni. Nililazwa siku nne. Hata humo wodini, kama sukari ilipimwa, hakuna aliyeniambia na kwenye makaratasi yangu haimo.

Januari nikaenda hospitali ya pili, bega likiwa limeganda kabisa. Huyu angalau alinishika, akataja ugonjwa kwa jina lake, akanichoma sindano ya steroidi, dawa ya kushusha uvimbe, ndani ya kiungo. Kwa bega lililoganda sindano hiyo ni tiba inayokubalika na maumivu yalipungua, sitamnyima haki yake. Lakini steroidi inapandisha sukari kwa siku kadhaa kwa mwenye kisukari. Kabla ya kuichoma alipaswa kujua sukari yangu. Hakuuliza. Siku mbili baadaye nikaanza kunywa maji kama ng'ombe aliyetoka machungani, usiku naamka kukojoa mara saba, mara nane, macho yanaona ukungu.

Aliyeniokoa ni mteja, nesi, alikuja kusukwa Jumamosi. Mpaka nusu ya kichwa chake haijaisha mimi nilikuwa nimemaliza chupa mbili kubwa za maji na nimetoka kwenda chooni mara tatu. Akaniuliza, "Dada, sukari yako ulipima lini?" Nikamwambia sijawahi kupima. Akanitazama mdomo, akaniuliza la meno. Akaniona nanyanyua mkono mmoja tu, akaniuliza la bega. Kesho yake alfajiri alikuja na mashine yake kabla sijaweka kitu mdomoni. 21.3. Kuanzia 7.0 kwenda juu, kabla ya kula, ndiko kunakohesabika kisukari. Kipimo kile cha kuonyesha sukari ya miezi mitatu nyuma kikatoka asilimia 10.8, na mpaka wake ni 6.5. Kwa hiyo hata sindano haikuleta ugonjwa, ilikoleza kilichokuwepo.

Nesi huyo huyo ndiye aliyesisitiza nipimwe pia presha na umeme wa moyo, akisema bega la kushoto na taya vikiuma pamoja moyo nao unatakiwa uulizwe. Moyo uko salama, namshukuru Mungu. Lakini miezi 14 nimebeba bega la kushoto na taya kwa watu wanne wenye makoti meupe na hakuna hata mmoja aliyeniwekea kipimo cha kusikilizia moyo kifuani.

Sasa nimeelezwa jinsi vitu hivi vinavyofungamana. Sukari ikikaa juu muda mrefu inajishikiza kwenye nyuzi za ule mfuko wa bega, nyuzi zinakakamaa, ndiyo maana wenye kisukari bega huwaganda mara nyingi kuliko watu wengine. Sukari hiyo hiyo inadhoofisha kinga na mishipa midogo ya fizi, vijidudu vinafanya makazi, mfupa ulioshika jino unalika. Na uvimbe wa fizi nao unarudi kupandisha sukari. Nilikuwa nazunguka kwenye duara, na kila niliyemlipa aliona kipande chake cha mwili tu.

Nina madaftari mawili ya matibabu. Moja la bega, moja la meno. Nimekaa jana nikayasoma yote mawili toka ukurasa wa kwanza. Neno sukari halimo. Nimejumlisha na risiti, imepita shilingi 900,000, bila siku ambazo saluni ilifungwa.

Msiniambie madaktari wamezidiwa. Najua foleni, nimekaa kwenye foleni hizo. Swali la "unatumia dawa gani nyingine?" halirefushi foleni. Kuchoma kidole hakurefushi foleni. Mtu amevuka miaka 40, bega limeganda bila kuanguka wala kugongwa, au fizi zinavuja na meno yanalegea, mpimeni sukari kabla ya kumuandikia kitu chochote. Na nyie wagonjwa wenzangu, ukienda kwa daktari wa meno beba na daftari la bega. Weka mezani hata kama hajauliza.

Nyongeza, saa nne usiku: mnaouliza naendeleaje. Nilianza na sindano za insulini, sasa nipo kwenye vidonge vya metformini, asubuhi inasoma kati ya 7 na 8. Figo zimepimwa, ziko sawa. Kwa maumivu natumia paracetamoli, diklofenaki na ibuprofeni nimekatazwa kabisa. Bega nafanya mazoezi niliyofundishwa: nainama nikishika meza, mkono unaning'inia, nauzungusha polepole kama pendulo ya saa, halafu natambaza vidole ukutani kwenda juu, natia alama ya chaki pale nilipofika. Jana nimepita alama ya wiki iliyopita kwa upana wa vidole viwili. Nimeambiwa bega kama hili linaweza kuchukua mwaka hadi mitatu kuachia.

Ninachoomba kwenu ni kuhusu meno mawili ya mbele chini, yanacheza nikiyasukuma kwa ulimi. Kliniki ile ile ya meno wameniambia niyang'oe. Daktari wa kisukari ameniambia nisikubali kwanza, nisafishwe fizi kwa kina na sukari ishuke. Kuna mtu humu meno yake yalilegea kwa kisukari yakaja kukaza? Ilichukua muda gani?