Kijana mwenye usonji anaanza kazi stoo: nimpe maelekezo vipi?

MsimamiziStoo
Wakuu, habari za leo. Jumatatu kijana wa miaka 20 mwenye usonji anaanza kazi kwenye stoo yetu ya vifaa vya ujenzi. Anaongea, anasoma na kuandika vizuri. Siku ya majaribio ukimuuliza kitu alikuwa anakaa kimya, ukirudia ndiyo anavurugika kabisa. Aliambiwa "hebu angalia hizo simenti", akasimama akiziangalia mpaka mchana. Tufanyeje tuelewane?

TibaUsemi
Mkuu, kijana alifanya alichoambiwa. "Angalia" ina kazi nyingi: tazama, linda, kagua, hesabu. Mliyemtuma alitakiwa ajue ni ipi, na hakuna aliyeitaja. Sema tendo, mahali, na kazi inaishia wapi: "Hesabu mifuko ya simenti iliyo kushoto mwa mlango. Andika idadi kwenye daftari la kijani. Ukimaliza, niletee daftari hapa mezani." Hilo "ukimaliza" usilisahau, maana bila hilo atabaki palepale.

Kuhusu kimya: ukishauliza, nyamaza. Hesabu moja mpaka kumi moyoni. Ukiuliza tena kwa maneno mengine kabla hajajibu, umempa swali jipya juu ya lile analolichambua, naye inabidi aanze mwanzo. Ikibidi kurudia, rudia maneno yaleyale. Na usimlazimishe akutazame usoni. Wengi wenye usonji husikiliza vizuri zaidi wakitazama pembeni.

Mzee_wa_Kona
Si afundishwe yeye kutuelewa sisi? Stoo nzima ibadilike kwa ajili ya mtu mmoja?

BintiPwani
Mzee wangu, shikamoo. Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, alieleza mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku ni kwa pande mbili: mwenye usonji anashindwa kutusoma, na sisi tunashindwa kumsoma. Lawama tumezoea kumtwisha yeye peke yake.

Na Kiswahili chetu kina mitego. "Hujapakia nondo?" Akijibu "ndiyo", amepakia au hajapakia? Uliza "Umepakia nondo, au bado?" Vilevile "naja" na "dakika moja": dakika ikipita hujatokea, ataingiwa na wasiwasi. Mwambie "Narudi saa 5 na nusu. Nisipofika, endelea kupanga misumari." Hata "karibu chakula" ya heshima tu, sahani ikiwa ya mtu mmoja, anaweza kuichukua kama ilivyo akakaa kula. Asilaumiwe. Na asipoendeleza mlolongo wa habari za nyumbani, habari za watoto, msione ni dharau.

MsimamiziStoo
Nimewaelewa, asanteni sana. Jirani kuna mashine ya kukata bati. Ikiwaka, akaziba masikio?

TibaUsemi
Hapo usimwongeleshe, na usimshike bega kwa ghafla. Kelele ikishamzidi, maneno yako ni kelele nyingine. Mkubaliane Jumatatu asubuhi, kabla mashine haijawaka: atakwenda wapi kutulia, atakaa muda gani, na ishara gani ya mkono itasema "natoka kidogo". Nunueni vizuia sauti vya masikioni, vile vya mafundi. Akiyumba au akichezesha vidole, mwacheni. Anajituliza.

Kazi za siku ziandikwe ubaoni kwa mpangilio, nne au tano zinatosha, na kila anapomaliza moja aifute mwenyewe. Ratiba ikibadilika, kumwambia "leo hatupakii" ni nusu ya habari. Malizia: "Lori halitafika leo. Badala yake, panga rangi kwenye rafu ya chini."

Na haya yote muulize yeye, sio mama yake aliyemsindikiza. Kama kuongea kunamwia kigumu siku hiyo, mpe karatasi na kalamu, au aandike kwenye simu.