Kikao cha Jumapili kwa Bibi

Shangazi Zai 19:04
Asalaam aleikum. Jumapili saa 10 alasiri kwa Bibi, kikao cha watoto. Tangu ile tamthilia ya Kichina wananiuliza kwa nini mfalme mpya aliua mpaka kitoto cha mfalme aliyetoka, na mimi jibu sina. Idi ataeleza, kasoma kule. Thibitisheni.

Shangazi Zai 19:33
Watu 14 mmeshasoma. Aliyejibu hakuna.

Mama Tatu 19:40
Waaleikum salaam. Chakula nani?

Shangazi Zai 19:41
Chakula baadaye. Idi, hebu waonjeshe.

Idi 19:55
Shikamooni. Yule mtoto hata akiwa anacheza gololi uani, ni bendera. Jenerali yeyote mwenye kinyongo anamchukua, anamtanguliza mbele, anasema namrudisha mwenye kiti. Ila mwanzo hawakuwa wanamaliza ukoo. Zamani sana ukoo wa kifalme wa Zhou walipoushinda ule wa Shang walimwacha hai mtoto wa mfalme. Akaasi, wakamuua, na bado wakampa ndugu yake mwingine eneo la Song ili mababu wao waendelee kutambikiwa. Hata mwaka 220, mfalme wa mwisho wa Han alipoachishwa kiti alipewa eneo la Shanyang, akaishi hapo miaka 14 hadi kufa kwake.

Bakari 19:57
Gololi nilikufunga mwaka ule mpaka ukalia 😂

Idi 19:58
Ulikuwa unatumia ya chuma.

Bakari 19:58
Ya chuma ilikuwa halali kwa Bibi!!

Shangazi Zai 20:01
Jamani. Mada. Idi endelea.

Idi 20:09
Mambo yaligeuka kwa jenerali mmoja, Liu Yu. Mwaka 420 alimwondoa mfalme wa Jin. Alikuwa anakaribia miaka 60 na mwanawe mkubwa bado kijana. Akijipigia hesabu: nikifa leo, wa Jin anarudi kesho. Mwaka uliofuata akatuma watu. Yule mfalme akakataa kunywa sumu, wakamziba pumzi kwa blanketi. Kuanzia hapo ikawa ndiyo kawaida, kwa sababu kila aliyenyakua kiti alijua kinavyonyakuliwa.

Mama Tatu 20:12
Mimi nauliza sufuria kubwa iko wapi. Tangu arobaini sijaiona.

Juma 20:14
Tumeanza.

Mama Tatu 20:14
Sijaanza mimi. Nauliza.

Idi 20:20
Mwaka 559 mfalme mwingine, Gao Yang, aliuliza: kwa nini ukoo wa Han uliweza kurudi baada ya Wang Mang kuupindua? Mtu akamjibu, kwa sababu Wang Mang hakuwamaliza. Aliyejibu mwenyewe alikuwa wa ukoo wa Yuan, uliotawala kabla ya Gao Yang. Wakauawa zaidi ya 700, wakatupwa mto Zhang. Watu wakawa wanapasua samaki wanakuta kucha za binadamu. Mji wa Ye ukaacha kula samaki kwa muda mrefu.

Bakari 20:22
Basi Jumapili tupike kuku.

Wifi Halima 20:25
Idi, kuna watoto wa miaka 7 pale. Hakuna aliyewahurumia?

Idi 20:31
Yupo, wifi. Zhao Kuangyin, mwaka 960. Alichukua kiti cha mtoto wa akina Chai akamwacha hai, na ukoo wake ukatunzwa. Lakini nikianza na huyo watoto hawataelewa hofu yenyewe. Mwaka 479 kuna mfalme wa miaka kama 12, anatolewa ikulu, analia, anaomba asizaliwe tena katika nyumba ya mfalme. Waliompokea kiti walimuua mwaka huohuo. Mimi hilo siwezi kuliruka.

Shangazi Zai 20:33
Kucha toa. Mtoto abaki. Nani analeta viti?

Shangazi Zai 20:58
Viti???

Babu Shomari 21:26
Nimesoma yote. Maneno ya mtoto yule myaseme kama alivyoyasema, msiongeze chumvi. Na mimi nina swali. Watoto wa Salim mbona hawamo humu?

Shangazi Zai 21:49
Nimekusikia baba. Nani ana namba ya mkubwa wao?

Juma 21:53
Mama yao alibadilisha namba baada ya yale ya shamba. Yalishaisha lakini.

Mama Tatu 21:54
Yaliisha kwako.

Bakari 21:55
Ujumbe huu umefutwa

Babu Shomari 22:02
Bila wao mimi sitoki chumbani.

Shangazi Zai 22:10
Basi tusogeze Jumapili ya pili yake?

Idi 22:12
Hiyo niko zamu, shangazi.

Shangazi Zai 22:13
Basi hiihii. Saa 10. Nangoja viti na namba.

Mjomba Athumani 06:12
Asubuhi njema. Simu ilizima. Sufuria iko kwangu. Namba ya mkubwa wao ninayo, sijaipiga tangu msiba.

Shangazi Zai 06:13
Piga leo.

Shangazi Zai 06:47
Mjomba?