Osileta ya Hopf kama modeli ya koklea: hainyamazi hata nikizima sauti

mtikiso
Wakuu, naomba macho ya ziada. Naiga ukuzaji wa sauti wa koklea, kiungo cha kusikia cha sikio la ndani, kwa osileta moja ya Hopf, yaani mfumo unaotikisika ambao hukaa karibu na mpaka wa kuanza kulia wenyewe:

dz/dt = ω0[(μ + i)z − |z|²z + F·e^(iωt)]

Hapa z ni mtikisiko wenyewe (namba changamano), F ni nguvu ya sauti inayoingia na ω masafa yake, ω0 ni masafa asilia ya osileta, na μ huamua kama inanyamaza (chini ya sifuri) au inalia yenyewe (juu ya sifuri). Masafa 1000 Hz, hatua 44100 kwa sekunde, mbinu ya Euler ya kukokotoa hatua kwa hatua, μ = 0, ω = ω0, muda nusu sekunde. Nilitegemea |z| ifuate kipeuo cha tatu cha F. Nikipandisha F kutoka 0.000001 hadi 0.001, grafu imelala bapa kwenye 0.27 hivi. Nikizima F na kuanza na z = 0.01, inapanda hadi 0.27 ileile. Kwa μ = −0.05 inang'ang'ania 0.15. Nimekosea alama za + na −?

kipeuo3
Alama ziko sawa, mkuu. Anayekudanganya ni Euler. z inazunguka kwenye duara, yeye anaisogeza kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kila hatua inatua nje kidogo ya duara.

Ita θ = ω0·h, h ikiwa muda wa hatua moja. Kwako ω0 ni 2π × 1000 = 6283, kwa hiyo θ ni 6283/44100 = 0.1425. Kila hatua inarefusha z mara √(1+θ²), ambayo ni sawa na kumwongezea μ θ/2 = 0.071 ya bure. Osileta yenye μ = 0.071 hulia yenyewe kwa √0.071 = 0.27. Toa 0.05, inabaki 0.021, na kipeuo chake ni 0.15. Namba zako zote mbili hizo hapo.

Kupunguza h hakulipi: ukitaka kosa lishuke hadi 0.0001 utahitaji hatua kama milioni 31 kwa sekunde. Zungusha kwa usahihi, kisha mwachie Euler kilichobaki (hii ni Python, np ni NumPy):

z = (z + θ*(μ*z - abs(z)**2*z + F*np.exp(1j*ω*t))) * np.exp(1j*θ)

Jaribu kwanza F = 0, μ = 0, z = 0.01. Baada ya nusu sekunde isome 0.0078. Ikipanda, usiendelee.

polepole
Ukishasahihisha hilo, nusu sekunde nayo itakuangusha. μ ikiwa sifuri, osileta huchelewa mno kutulia kwa sauti ndogo. Kwa F = 0.001 jibu ni 0.1 na linafika upesi. Kwa F = 0.000001 jibu ni 0.01, ila kwenye nusu sekunde utasoma 0.003 tu, na mteremko wa grafu yako (logi ya |z| dhidi ya logi ya F), unaopaswa kuwa 1/3, utapinda kuelekea 1 upande wa chini. Endesha sekunde 4 ndipo upime. Hapo desibeli 60 za F zitakupa desibeli 20 za z.

Na ukiingiza sauti halisi, yaani kosaini badala ya namba changamano, nusu yake inazunguka kinyume na haisaidii kitu. Jibu linashuka desibeli 2, mteremko haubadiliki. Usiitafute hitilafu hapo.

mtikiso
Imekubali, nimepata 0.0078. Sasa kwa sikio la binadamu, μ niiache sifuri?

kipeuo3
Hapana. Kwenye sifuri osileta inachagua masafa kwa ukali kupita kiasi kwa sauti ndogo. Kwa kelele ndogo, upana wake sawia wa bendi, yaani upana wa masafa inayoyaitikia, ni π·|μ|·f, f ikiwa masafa yake kwa Hz. Majaribio ya usikivu wa watu yanatoa karibu 132 Hz kwenye 1000 Hz, kwa hiyo anza na μ = −0.042. F ikiwa chini sana ya |μ|^1.5, hapa 0.0086, jibu linakwenda sambamba na F. Ikipita mbali juu ya hapo ndipo kipeuo cha tatu kinashika. Koklea hai nayo hukaa hivyo: sauti hafifu hukuzwa kikamilifu, kubwa hubanwa.

Ukipanga safu ya osileta nyingi kando ya koklea, masafa ya kila moja kwa nafasi yake x ni f = 165.4(10^(2.1x) − 0.88). Hapo x = 0 ni ncha ya koklea, karibu 20 Hz, na x = 1 ni upande wa sikio la kati, karibu 20,700 Hz. Wengi huigeuza, halafu wanashangaa besi inaitikiwa mlangoni.