Wiki tatu zimebaki Nakivale, shirika linataka nibaki, chuo kinafunguliwa. Naombeni ushauri

Binti_wa_Bwera

Shikamoo wakubwa, habari zenu wenzangu.

Niko mwaka wa pili wa shahada ya ualimu, masomo yangu ni Kiswahili na Historia. Likizo hii sikurudi nyumbani Kasese. Nilikwenda kufanya mafunzo kwa vitendo na shirika dogo lisilo la kiserikali ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, hapa Uganda. Chuo hakikunilazimisha. Kinacholazimishwa kwetu ni mazoezi ya kufundisha shuleni. Haya niliyaomba mwenyewe na mhadhiri mmoja akakubali kunisimamia. Ni wiki nane tangu mwanzo wa Juni.

Kazi yangu ni klabu ya kusoma. Watoto wakitoka shule tunakutana chini ya turubai nyuma ya kanisa, saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu. Daftari langu lina watoto 62, karibu wote Wakongo, wa P3 hadi P5 (darasa la tatu hadi la tano la msingi). Siku ya kwanza nilimwita mmoja mmoja nikampa mistari minne ya Kiswahili asome. Watoto 41 hawakuweza kusoma hata neno moja zima. Na hawa wanaongea Kiswahili tangu asubuhi hadi wanapolala! Ila shuleni wanakutana na Kiingereza, na nje ya Kiingereza ni Runyankole, lugha ya wenyeji. Lugha wanayochezea haiko ubaoni.

Nikaacha habari ya madarasa. Nikawapanga kwa kile anachoweza mtu: wa herufi, wa silabi, wa maneno, wa sentensi. Mtoto wa P5 akakaa na wa P3, mwanzoni akaona aibu, baadaye akazoea. Ba be bi bo bu, tukipiga makofi. Sasa tuko wiki ya tano na katika wale 41, watoto 23 wanasoma sentensi. Kuna mvulana mmoja amemsomea mama yake ujumbe wa simu kutoka kwa shangazi aliye Bukavu. Mama huyo alikuwa akipeleka simu kwa jirani asomewe, kwa hiyo jirani alijua mambo yote ya nyumba. Alikuja kunishika mikono yote miwili na hakusema kitu.

Tatizo ni hili. Mkurugenzi wa shirika ameniomba nibaki hadi mwisho wa muhula wa tatu. Posho hakuna, ni chakula cha mchana na mahali pa kulala. Anasema nikiondoka klabu itakufa na watoto watarudi walikotoka. Chuo kinafunguliwa katikati ya Agosti. Nikikosa, nitaahirisha mwaka mzima, na ada yangu inatoka kwenye kahawa ya baba. Juzi watoto waliniuliza, nikawajibu "nitarudi" bila kufikiri. Tangu siku hiyo silali vizuri.

Nibaki? Niende? Na kama ni kwenda, nawaachaje?

---

Kaka_Mbarara

Rudi chuo, dada. Mwaka ukishauachia, kuurudisha ni kazi. Watoto wa Nakivale watakuwepo hata ukiwa na shahada yako.

---

Nilibaki2022

Mimi nitasema kinyume kidogo kwa sababu yalinikuta. Shule zilipofunguliwa Januari 2022, baada ya kufungwa tangu Machi 2020, nilikuwa najitolea na kikundi kimoja huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Kulikuwa na watoto waliosahau hata kushika kalamu, na wasichana waliorudi na mtoto mgongoni. Sikuweza kuondoka. Niliahirisha mwaka.

Sijutii watoto wale. Ninachojutia ni kwamba sikuandikiana chochote na kikundi. Nilipomaliza mwaka hawakuwa na barua ya kunipa wala mtu wa kushika nafasi yangu, na klabu ilifungwa wiki ile ile niliyopanda basi. Kwa hiyo nilitoa mwaka mzima na mwisho ukawa ule ule ambao ungekuwa baada ya wiki nane. Kama utabaki, baki kwa maandishi.

---

Mwalimu_Mstaafu_FP

Marahaba, binti yangu. Nimefundisha shule ya msingi kwa miaka mingi. Elimu ya msingi kwa wote ilipoanza mwaka 1997, nilikuwa na P1 yenye watoto zaidi ya mia moja, wengine wamekaa madirishani. Najua roho inavyovutwa.

Umeuliza kama ubaki au uende. Mimi nakuuliza: wakati unafundisha silabi, nani anakaa pembeni yako? Maana kama jibu ni "hakuna mtu", basi klabu hiyo ilianza kufa siku ya kwanza, na ukikaa hadi Desemba utakuwa umesogeza tu tarehe ya maziko.

Wiki tatu si kidogo. Tafuta mtu wa hapo hapo. Kati ya Wakongo kuna walimu kabisa, watu wenye D6 ya pedagojia (diploma ya Kongo ya kumaliza sekondari, upande wa ualimu), waliofundisha kwao miaka kumi, leo wanauza nyanya kwa sababu cheti kiko kwa Kifaransa na hakijalinganishwa na cha hapa. Kulinganisha vyeti kunataka muda na pesa ambazo hawana. Lakini klabu ya jioni si shule ya serikali. Mwalimu wa namna hiyo akishika chaki chini ya turubai hakuna atakayemdai cheti cha UNEB, baraza la mitihani la hapa.

Fanya hivi. Wiki ya kwanza yeye atazame, wewe ufundishe. Wiki ya pili mfundishe pamoja, yeye achukue kundi la herufi na la silabi. Wiki ya tatu afundishe yeye, wewe ukae nyuma na mdomo uufunge, hata akikosea. Hiyo ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote. Wanachuo wengi niliowapokea shuleni kwangu waliishindwa.

---

Fundi_Dar

Samahani, niko Tanzania, nauliza kwa nia njema. Mtihani wa mwisho wa msingi huko kwenu si wa Kiingereza? Sasa kuwafundisha kusoma Kiswahili hakuwacheleweshi?

---

Mwalimu_Mstaafu_FP

@Fundi_Dar swali la maana. PLE, ndio huo mtihani wa mwisho wa msingi, ina karatasi nne: Kiingereza, Hesabu, Sayansi na Maarifa ya Jamii, na Kiswahili hakimo. Lakini kusoma ni kitu kimoja ambacho mtoto hujifunza mara moja tu. Akishaelewa kwamba alama hizi zinatoa sauti, na sauti zinatoa neno analolijua, ufahamu huo anauhamishia lugha nyingine. Kiswahili kinarahisisha kwa kuwa kinasomwa kama kinavyoandikwa. Kiingereza hakina huruma hiyo. Ndiyo maana mtaala wetu tangu 2007 unataka P1 hadi P3 wafundishwe kwa lugha ya mahali, na P4 ndiyo wanavuka kwenda Kiingereza. Shida ya makazi ya wakimbizi ni kwamba lugha ya mahali si lugha ya mtoto. Huyu binti ameziba pengo hilo hasa.

---

MamaBahati

Mwanangu, mimi niko hapa hapa Nakivale, upande wa Base Camp, tangu 2012. Sikujui, lakini turubai hiyo naijua.

Nitakwambia vile tunavyoona sisi. Wanachuo wanakuja. Wana moyo mzuri, hatukatai. Wanacheza na watoto, wanapiga picha, siku moja hawapo. Mwaka mmoja alikuja msichana kwa klabu nyingine, mtoto wangu akampenda sana. Aliondoka bila kusema, labda aliogopa kulia. Mtoto wangu alikwenda pale mahali siku tatu mfululizo na daftari lake. Siku ya nne hakutaka tena kusikia habari ya kusoma. Huyu ni mtoto ambaye aliishamkosa baba njiani. Kuondoka kwa mtu kwake si jambo dogo.

Kwa hiyo kwenda, nenda, una wazazi wako na wao wanakungoja. Lakini lile neno "nitarudi", lirudishe. Waite watoto, waambie siku yenyewe: Ijumaa ya tarehe fulani ndiyo mwisho wangu. Uwaambie mapema, si siku ya mwisho. Waite na wazazi. Watalia, acha walie. Mtoto anayejua siku hawezi kungoja bure kwenye turubai.

---

Afisa_Kyaka

Nafanya kazi na shirika jingine Kyaka II, Kyegegwa. Nakubaliana na Mwalimu na Mama, ila naona wote mmemwachia mkurugenzi apite bila kuulizwa.

Dada, kumtafuta mrithi wako ni kazi ya shirika. Wao ndio wenye klabu. Mwanafunzi wa mwaka wa pili asiyelipwa hawezi kuwa ndiye nguzo ya mradi wa watoto 62, halafu akiondoka aambiwe ameua klabu. Kauli hiyo si ya haki na usiibebe kama mzigo wako.

Muulize kwa heshima, ila muulize: bajeti ya klabu iko wapi? Baadhi ya shule za makazi zina wasaidizi wa darasa ambao ni wakimbizi wenyewe, wanaotafsiri na kusaidia walimu, na wanapata posho. Kwa nini klabu isiwe na mmoja? Chakula chako na chumba chako ni gharama ambayo tayari wanaitoa. Fedha hiyo hiyo ikigeuzwa kuwa posho ndogo ya mama wa hapo, inafika mbali.

Na mengine usiyaruke. Shirika lina usajili na kibali? Sheria ya mashirika ya mwaka 2016 inataka vyote viwili. Uliingia makazini kwa idhini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, ile tunayoiita OPM? Kama uliingia kwa maneno tu, rekebisha leo. Picha za watoto pia: kama mzazi hakukubali, usiziweke popote, hata kwenye ripoti ya chuo.

Halafu kuna mmoja nimemuwaza. Huyo mtoto wa P5 aliyekaa na wa P3. Kama kuna wenye miaka 12 au 14 ambao bado wako kwenye silabi, waulizie programu ya elimu ya kasi. Inabana miaka saba ya msingi kuwa ngazi tatu, kwa watoto waliochelewa. Klabu ya jioni peke yake haitawafikisha.

---

Binti_wa_Bwera

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Mama Bahati, maneno yako yameniingia. Nimewaambia leo. Nilisimama nikataja Ijumaa yenyewe. Palikuwa kimya, halafu msichana mmoja mdogo akauliza, "Na vitabu utaenda navyo?" Nikamwambia hapana, vinabaki. Akakaa chini.

Mwalimu, swali lako la nani anakaa pembeni yangu lilinichoma, kwa sababu yupo mtu na mimi sikumwona. Kuna mama anayeuza dagaa karibu na turubai. Kila jioni anasogeza kigoda chake cha kukalia, na mara mbili amewasahihisha watoto kabla yangu. Leo nilimwuliza. Alifundisha miaka tisa huko Uvira. D6 yake ameifunga kwenye nailoni ndani ya begi la nguo. Wiki tano nilikuwa nanunua dagaa kwake tu.

Kesho nakwenda kwa mkurugenzi.

---

Mwalimu_Mstaafu_FP

Nenda naye. Msizungumze habari zake akiwa hayupo.

---

Kaka_Mbarara

Hapo Mwalimu umesema. Tunasubiri mrejesho, dada.

---

Binti_wa_Bwera

Mrejesho, niko kwenye basi nimeshapita Mbarara.

Tulikwenda wote wawili. Mkurugenzi hakufurahi mwanzoni, akasema hana fedha. Nikamwomba tupige hesabu ya chakula changu na chumba kwa wiki nane, tukaiandika kwenye karatasi. Akaitazama muda mrefu. Amekubali posho ya mama hadi mwisho wa muhula wa tatu, imeandikwa na imetiwa saini. Baada ya hapo hakuna ahadi, na mama amelijua hilo kabla ya kukubali. Posho ni ndogo. Ameamua dagaa aendelee kuuza asubuhi.

Wiki ya tatu, ile ya kufunga mdomo, kweli ilikuwa ngumu. Alianza kuwafundisha kwa kuwaimbisha wote kwa pamoja, namna ambayo mimi naiona inawaficha wasiojua. Nilitaka kusimama. Siku ya pili akagundua mwenyewe, akaanza kumwita mmoja mmoja. Na kuna kitu alichonizidi: mtoto akiandika "batoto" hamkati. Anaandika "watoto" pembeni yake na kusema, hivi tunasema nyumbani, hivi tunaandika kitabuni. Mimi nilikuwa nafuta.

Wavulana wawili wenye miaka 13 wameandikishwa kwa jina kwenye orodha ya elimu ya kasi, wanangoja nafasi. Wa sentensi sasa ni 29. Daftari nimeliacha kwake, pamoja na kadi za silabi na funguo ya sanduku la vitabu.

Afisa_Kyaka, barua ya OPM ilikuwepo, ila ilikuwa imeisha muda siku nne kabla. Asante kwa kunikumbusha, nilikwenda ikaongezwa.

Mama Bahati, nilikutafuta siku ya mwisho nikakukosa. Kama mtoto wako bado hataki kusikia habari ya kusoma, klabu ni ile ile, saa kumi. Mama wa dagaa nimemweleza habari zake. Anasema mtu asimlazimishe, aje tu akae pembeni kama yeye alivyokaa.

---

MamaBahati

Nimeona. Jumatatu tutapita hapo, nitamtuma kununua dagaa.