Kuvutwa mgongo kabla ya kupiga pedeli: nguvu inaongezeka, au ni mlio tu?

MLETA MADA (Arusha): Wadau wa baiskeli, heshima kwenu. Jumamosi tunatoka Moshi kuja Arusha, kilomita 80 hivi. Kuja huku ni kupanda: Moshi haifiki mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, Arusha iko kwenye 1,400. Sasa nusu ya kundi wanataka tuchange, aje yule bwana anayenyoosha migongo atupitie mmoja mmoja kabla hatujaondoka. Eti uti ukikaa sawa, mapaja yanapata nguvu. Mimi napinga.

Nimeshalala kwenye ile meza. Kifudifudi, uso kwenye tundu, bwana kaweka kiganja juu ya kiuno, kasema toa pumzi, kisha kashindilia. Ka! Nikashuka mwepesi kama niliyetua gunia la mahindi. Kesho yake kilima kilekile cha Tengeru, dakika zilezile.

Ule mlio si mfupa kurudi mahali pake. Ndani ya kiungo kuna ute. Kikivutwa ghafla, presha hushuka na uwazi wa gesi hutokea, kama unapoalisha vidole.

Zipo tafiti zilizokuta nguvu ya msuli ikipanda kidogo mara tu baada ya kushindiliwa, sikatai. Ila nyingi ni za watu wachache na hupima dakika chache baadaye, na nyingine hazikuona tofauti na mkono wa kuigiza, yaani mtu kushikwa tu bila kushindiliwa kweli. Barabara yetu ni ya saa kadhaa, jamani.

Na shingo isiguswe. Zimeripotiwa kesi, chache lakini zipo, za mshipa wa damu wa shingoni kuchanika baada ya kuzungushwa ghafla, mtu akapata kiharusi. Naomba kuwasilisha.

MDAU WA SAKINA: Mkuu, unaongea kama mtu asiyejua kiuno kinavyouma. Wiki mbili nilifungwa kamba za viatu na mwanangu. Nikavutwa mara tatu, nikarudi barabarani. Tafiti nikafanyie nini?

MLETA MADA: Pole sana ndugu yangu. Maumivu ya kiuno ni kesi nyingine. Hapo kuvutwa kunaweza kusaidia, hasa kukiendana na mazoezi. Mimi nauliza nguvu za miguu kwa mtu asiyeumwa.

DADA WA MOSHI: Kaka zangu, mnabishania mgongo na siti zenu ziko chini. Juzi Boma Ng'ombe nimempita mmoja wenu, magoti karibu yagonge kidevu. Pedeli ikiwa chini kabisa, goti libaki limepinda kidogo tu, nyuzi 25 hadi 35. Na usukani ukiwa mbali mno, kiuno lazima kilie, hata uvutwe kila asubuhi. Spana haihitaji mchango. Halafu huyo bwana kasajiliwa? Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ipo tangu 2002. Hapa kwetu hospitali ya KCMC kuna watu wa fiziotherapia, mwenye maumivu aende.

MDAU WA SAKINA: Siti nimepandisha dada, asante. Usajili sikuwahi kumuuliza. Ila Jumamosi nalala mezani, hela ni yangu.

MLETA MADA: Yako sawa. Ya kundi inunue tyubu.