Naomba ushauri: bega la mama limekakamaa
Habari zenu wadau. Mama yangu ana miaka 56, ana kisukari, na ni fundi cherehani. Bega la kulia lilianza kuuma taratibu, sasa limekakamaa: hawezi kuchana nywele wala kujisugua mgongo, na usiku halalii upande huo. Hakuanguka. Shingo inageuka vizuri na vidole havifi ganzi, kwa hiyo sidhani kama ni mshipa wa fahamu uliobanwa shingoni. Eksirei haikuonyesha tatizo. Dawa ya maumivu ya diklofenaki inamtuliza kidogo tu, nami naihofia kwa figo zake.

Daktari amependekeza sindano ya steroidi (dawa ya kupunguza uvimbe na maumivu) begani. Je, mwenye kisukari sukari yake hupanda kwa muda gani baada ya sindano hiyo? Na mazoezi ya viungo yaanze sasa, au yasubiri maumivu yapungue? Aliyeuguza hali hii anisaidie tafadhali, mama anateseka.